Siku Niliyorudi Kamembe kwa Ajili ya Ufunguo

Tangu nirudi mmeniuliza kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja nimempa kipande. Papa Yvette anajua habari ya maji. Mke wangu anajua habari ya chungu cha sombe, yale majani ya muhogo. Wale wa kwaya wanajua tu kwamba moto yangu mpya, pikipiki yangu, ilibebwa mikononi na wanaume wanne kama mgonjwa, na kila wakiniona wanajifanya kukohoa. Sasa naandika yote mara moja, msome, kisha mniache. Kutoka Cyangugu hadi Nzahaha ni safari ya saa moja na kidogo. Mimi ilinichukua siku nzima, na hata nilipofika sikuwa nimefika.

Kwanza mjue nilikuwa naenda kwa nani. Maman Consolata alikuwa jirani yetu kule Bukavu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama yangu alipougua muda mrefu, ni yeye aliyenilisha. Tuliporudi Rwanda sisi tulikaa Kamembe, juu tu ya Cyangugu, yeye akapata shamba Nzahaha. Mume wake na mtoto wake wa kwanza wamezikwa kule Bukavu, kwenye mteremko ulio juu ya mtaa wetu wa zamani. Tangu mwaka jana alikuwa akiniomba jambo moja: nimpeleke Cyangugu, kwenye ukingo wa ziwa, atazame mteremko ule ng'ambo. Bukavu iko pale mbele ya macho, huhitaji kuvuka mpaka kuiona. Lakini macho yake yamepungua, na kule wamejenga nyumba juu ya nyumba. Alitaka mtu wa kumwambia: angalia pale, panda na jicho polepole, kushoto kidogo, hapo ndipo. Mwanawe Manu hawezi, alikuwa mtoto wa mgongoni tulipovuka. Anayejua bado ni mimi tu.

Na mimi kila mara nilimjibu, "Ngoja ninunue moto, Maman, nitakupeleka kama malkia." Akangoja. Moto nikainunua. Wiki ileile Manu akapiga simu: anakuja na gari kumchukua mama yake akaishi naye Kigali, moja kwa moja, maana hawezi tena kukaa peke yake. Wangeondoka Jumamosi. Tukapanga hivi: saa nne asubuhi nimchukue Maman Nzahaha, nimshushe Cyangugu, tutazame kwa nafasi yetu, na Manu aje na mizigo atukute pale saa sita. Ilikuwa mipango mizuri. Mpumbavu ndani yake nilikuwa mimi.

Cyangugu, baada ya misa

Moto yenyewe mnaijua, ile skuta nyekundu niliyoinunua mkononi kwa mtu wa Kigali. Haina ufunguo wa kuchomeka. Ina telekomande, kidude cheusi cha kukaa mfukoni. Ukisogea nayo, swichi ya moto inawaka taa ya bluu, unaizungusha kwa vidole, injini inaamka. Telekomande ikiwa mbali au imekufa, swichi haigeuki, na usukani ukishaufunga haufunguki. Ya akiba muuzaji aliniambia ilipotea. Kitabu cha maelezo nacho hakikuwepo. Sikujali, mtu akishapenda haulizi.

Jumamosi nilishuka Cyangugu kwa misa ya asubuhi ili moto ibarikiwe. Padri alitoka na chupa ya maji ya baraka na kijitawi, akanyunyizia magurudumu, akanyunyizia taa na kiti. Nikawaza: ufunguo ndio roho ya moto, na roho yenyewe iko mfukoni mwangu, haijapata kitu. Nikaitoa telekomande, nikaiweka kwenye kiganja, nikamnyooshea.

"Na hii pia, Padri."

Akanyunyiza matone mawili.

"Ongeza kidogo, Padri. Ni barabara ya Nzahaha."

"Dieudo, hii ni baraka, haiko kumwagia mboga maji," akasema akicheka. Lakini akainamisha chupa. Kiganja kikajaa. Nikafumba vidole, nikafanya ishara ya msalaba, nikairudisha telekomande mfukoni ikiwa imelowa vizuri. Sikuipangusa. Nani anapangusa baraka?

Barabara ya Gashonga

Ya njiani sina mengi, kwa sababu yalikuwa mazuri. Kofia yangu kichwani, kofia ya pili, mpya, imening'inia kwenye ndoano mbele ya magoti, ya Maman. Nilikuwa nimeipangusa jana yake mpaka inaonyesha sura. Migomba pande zote mbili, watu wakienda shambani, na kila aliyenipungia mkono nilimpungia. Nilikuwa na furaha ambayo sasa ninaionea aibu. Sikuwa namfikiria Maman akitazama ziwa. Nilikuwa nawafikiria majirani zake wakinitazama mimi nikiingia uani.

Mbele ya duka la Maman Solange

Gashonga nilisimama kununua ndizi mbivu za kumpelekea. Duka ni la mama mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Maman Solange, na mbele yake ndipo madereva wa moto za abiria wanapongojea wateja. Ningeweza kununua ndizi injini ikiwa inanguruma. Lakini mmoja wao, Fabrice, alizunguka skuta yangu mara mbili akauliza:

"Papa, ufunguo ya hii moto iko wapi?"

"Haina."

"Moto yenye haiko na ufunguo? Eh! Na mwizi je?"

Hapo kichwa kikavimba. Nikazima injini, nikafunga usukani ili wote waone, nikarudi nyuma hatua kama ishirini. Taa ya bluu ikazimika. "Mmeona? Sasa tazameni." Nikaja mbele nikitembea kama mtu wa serikali, nikashika swichi. Haikugeuka. Nikarudi nyuma, nikaja tena. Nikaitoa telekomande mfukoni, nikaibonyeza. Kitaa chake kidogo, ambacho huwa cha kijani, kikatetemeka na kuzimika. Mtu mmoja akacheka na wengine wakamfuata.

"Ni pile," akasema Maman Solange. "Hata redio yangu inafanyaka vile."

Alikuwa na pile, yaani betri, za duara, bapa kama vifungo vya koti, anauza za tochi. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ikacheza ndani, nikaikaza kwa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa ikawaka mara moja, ikafa. Ya pili ilienea sawasawa, na haikufanya lolote. Nikaifuta kwenye shati, nikaipuliza, nikaiweka kwapani ipate joto. Mzee mmoja aliyepita na jembe begani akatazama mlingoti wa simu ulioko nyuma ya duka, akatoa hukumu:

"Ni ile antene. Inakula nguvu ya telekomande. Mupeleke moto mbali."

Kupeleka vipi, na usukani umefungwa, gurudumu la mbele limepinda upande? Wanaume wanne wakaiinua. Naomba mfikirie picha hiyo: skuta nyekundu iliyobarikiwa asubuhi, inabebwa juu juu kupita uzio wa shule, mimi nyuma na ndizi mkononi, wanawake wawili wanaotoka kisimani wametua ndoo zao ili wacheke vizuri. Mbali na antene, moto ilibaki imekufa vilevile. Tukaibeba kurudi dukani.

Simu ikalia. Ilikuwa inakaribia saa tano.

"Dieudo, uko wapi?"

"Niko Gashonga, Maman. Ninafika sasa hivi."

"Sawa, mwanangu. Mimi nilisha vaa."

Mara hiyo ya kwanza sikusema uongo. Lakini Fabrice alikuwa amesikia. Akanisogelea, akasema kwa heshima kabisa, "Papa, kama kuna mumama anakungoja Nzahaha, mimi nikupeleke. Ni nusu saa tu. Tutabeba yeye na moto ya mwenzangu, moto yako Maman Solange ataichunga." Nikamwangalia kama amenitukana. Niingie kwa Maman mgongoni mwa moto ya mtu? Baada ya kusema malkia, malkia, mwaka mzima? Sikio la kufa halisikii dawa. Nikampigia Fundi Rajabu wa Kamembe, yule anayetengeneza simu na redio, akasema nimletee telekomande aione.

"Fabrice," nikasema, "nipeleke Kamembe."

"Kamembe? Haukusema unaenda Nzahaha?"

"Kamembe."

Akavaa kofia yake. Kwa hiyo nilipanda moto ya abiria, naam, ile niliyoikataa. Niliipanda kurudi nyuma.

Kamembe, kwenye meza ya Fundi Rajabu

Fundi Rajabu hana haraka, na hilo ndilo linalomfanya awe fundi. Aliifungua telekomande kwa wembe, akavaa miwani, akanitazama juu ya miwani, akaniita kwa jina la mtoto wangu.

"Papa Aline, hii kintu iliingia mu maji?"

"Hapana."

"Mvua ilikupata?"

"Haijanyesha hata tone."

"Mumeifua na suruali?"

"Fundi, hapana!"

Nilikana mara tatu kama yule mtume, tofauti ni kwamba jogoo hakuwika. Na nawaapia sikuwa namdanganya. Yale maji ya asubuhi sikuyahesabu kuwa maji. Fundi akageuza kidude, akakigonga kwenye ukucha wa kidole gumba. Tone likadondoka. Likakaa pale juu ya ukucha, safi kabisa, na sote wawili tukalitazama.

"Padri," nikasema.

Alielewa, akacheka kwa ndani mabega yakitikisika. "Baraka ni ya muntu na safari yake. Siku ingine weka moto mbele ya padri, telekomande iache mu mufuko." Akaisafisha kwa pamba na spiriti, akailaza kwenye kitambaa dirishani, jua liimalizie. "Usiiguse. Ukiweka pile ingali mbichi, utaichoma, na hapo hata Kigali hawataiponya." Adhana ya adhuhuri ikasikika, akanawa, akaenda kusali. Mke wake akaniletea ugali na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na pilipili. Chakula kizuri, na nilikitafuna kama majani. Wingu likaja likakaa juu ya jua, nikalichukia wingu lile kama mtu.

Saa saba Maman akapiga tena.

"Dieudo, uko wapi? Manu anasema twende."

Kinywa changu kikajibu kabla yangu. "Niko hapa Gashonga, Maman. Ni dakika kidogo tu."

"Basi nitamwambia angoje. Nilikupikia sombe."

Nilipokata simu Fundi Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kusali. "Gashonga yenye iko hapa kwangu?" akauliza. Kuambiwa "niko njiani" sisi tumezoea, kila mtu anasema akiwa bado anatafuta viatu. Lakini hebu fikirini ningesema ukweli: Maman, moto imeharibika, niko Kamembe. Angeingia kwenye gari la mwanawe muda uleule. Ningetelemka Cyangugu kwa miguu, na saa nane tungekuwa tumesimama pamoja kwenye ukingo wa maji. Neno moja tu, nikaona aibu kulisema.

Fundi alirudisha pile, akaniambia niweke simu mbali kidogo tupime vizuri. Mimi kwa bidii yangu nikaizima kabisa. Tukabonyeza. Hakuna. Akakaza kitu fulani kwa sindano, akaikausha tena, tukabonyeza tena. Ilikuwa saa nane na zaidi taa ilipowaka kijani na kubaki kijani. Niliibusu, nakiri mbele yenu. Nikaifunga kwenye pamba kavu, nikaiweka mfuko wa shati, nikamwita Fabrice aliyekuwa anakunywa chai upande wa pili wa barabara. Simu sikuiwasha. Nilisahau kwamba nina simu. Njia nzima nilikuwa naitoa telekomande, naibonyeza, naona kijani, naifurahia. Magari tuliyopishana nayo sikumbuki hata moja.

Gashonga moto iliamka mara ya kwanza. Kofia ya Maman nikaikuta juu ya kiti, si kwenye ndoano, nikadhani madereva wameichezea. Maman Solange hakuwepo mlangoni; nikamsikia anapiga vyombo nyuma ya nyumba na sikuingia hata kumwambia ahsante. Nilipokuwa nimekwisha ondoka nikamwona kwenye kioo, amekimbilia barabarani anapunga mikono yote miwili. Nikapunga wa kwangu. Nikasema moyoni, mama mwema huyu, ananiaga.

Nzahaha

Ua ulikuwa umefagiliwa. Mlango una kufuli. Kigoda chake kilikuwa nje, kimegeuzwa kutazama njia ninayopitia mimi.

Jirani alikuwa anaanika maharage. "Walisha enda, Papa. Saa nane," akasema. "Mutoto wake alikuwa anakasirika, gari imepakiwa tangu saa sita. Mumama anasema hapana, Dieudo ako Gashonga, tungoje. Mwisho akasema basi, tutamukuta palepale Gashonga." Akaacha maharage. "Hamukukutana?"

Nikawasha simu. Ujumbe ukaonyesha Manu alikuwa amenipigia mara sita. Nilimpigia, haikupatikana; nikadhani wamekwisha ingia kwenye baridi ya Nyungwe, ule msitu wa njia ya Kigali, ambako simu hufa. Nilikaa kwenye kile kigoda. Majirani walikuja wawili watatu kuitazama skuta nyekundu, mmoja akauliza ufunguo uko wapi. Watu niliotaka wanione waliniona.

Gashonga tena

Sasa nilisimama, nikazima injini, nikaingia dukani nikiwa nimevua kofia. Maman Solange hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angegombeza.

"Nilikuwa nakuita, Papa, wewe unanifanyia bye-bye." Akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo kilichofungwa ndani ya kitenge, mafundo mawili. "Alisema ukule ingali moto. Sasa imepola."

Akanisimulia. Gari lilifika, Maman Consolata akashuka mwenyewe kwa fimbo, akaiona skuta akapiga makofi: "Ndio hii! Ndio moto ya Dieudo!" Akauliza mwenyewe yuko wapi. Wakamwambia amerudi Kamembe na ufunguo. Kwa fundi gani, hakuna aliyejua. Manu akapiga simu, akapiga, akapiga. Basi Maman akasema angoje kidogo labda ninarudi. Wakamletea kiti, akakataa. Akaomba wamsaidie kukaa juu ya moto, kiupandeupande kama wanavyokaa mama zetu, akavaa ile kofia mpya. Ilimpwaya mpaka kwenye nyusi.

"Alikaa pale kama robo saa," akasema Maman Solange. "Anacheka, anatuambia, munaona, nilisha panda. Halafu akavua kofia. Mutoto akamushusha."

Nilifungua kitenge nikala sombe palepale kwenye ngazi ya duka, baridi, kwa mkono. Iliungwa kwa mawese na samaki wadogo, vilevile alivyokuwa akinipa nikiwa mtoto. Nilikula yote na nililia, na Fabrice, Mungu ambariki, alijifanya anatazama tairi lake.

Nilimpata kwa simu Jumapili, baada ya misa, akiwa Kigali. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote: telekomande, pile, antene, maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata akacheka nilipofika kwa Padri. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Dieudo, moto za kuja kwangu zilikosekana?"

"Hapana, Maman. Zilikuwepo."

"Na ya kurudi Kamembe uliipata."

"Niliipata."

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwisho. Wangu alikuwa amekwisha keti mapajani. Nikamwambia nitamfuata Kigali, nitamrudisha hata kwa siku moja, nitamwonyesha. Akasema ndiyo, mwanangu, kama mama anavyosema ndiyo kwa mtoto aliyevunja sahani. Nikamuuliza kama walipita tu bila kushuka ziwani.

"Hapana, tulishuka Cyangugu. Manu alinipeleka mupaka ku maji, akanishika mukono. Niliangalia, Dieudo. Niliangalia sana. Lakini sikujua niangalie wapi."